Kijiko cha Tatu

Jubail, Ijumaa, 3 Machi 1978

Mwanangu Somang,

Mimi baba yako ni mzima, namshukuru Mungu. Natumaini na nyinyi mu wazima, na goti la mama yako limepata nafuu kwa kuwa baridi ya huko inakaribia kwisha. Mwambie asiende peke yake kuchimbua mtungi wa kabichi ya kimchi tuliyoihifadhi ardhini kwa majira ya baridi. Aliyeuzika ni mimi, na niliuzika chini sana kwa sababu udongo wa nyuma ya jiko ulikuwa mlaini. Mwite Yongpal wa jirani, umpe pombe ya soju kidogo, atachimba akiimba.

Utanisamehe mwandiko. Mikono yangu imezoea nyundo, kalamu naiona kama sindano.

Hapa kwa Waarabu tunajenga ukuta wa bandari. Kazi yangu ni ileile: nafunga mbao, wenzangu wanamimina zege katikati, tunangoja likauke, halafu tunazibandua mbao na kwenda kuzifunga pengine. Ukuta unabaki, mbao zinaondoka. Juzi mhandisi alikuja na wageni, akawaonyesha ukuta, wakausifu sana. Mimi nilikuwa nimekalia mbao zangu, nanyoosha misumari iliyopinda. Sikukasirika. Ndiyo kazi.

Sasa lile jambo. Barua ya mama yako imefika, nimeisoma mara nne. Kwa hiyo watu wa ukoo wa Myeong wamekuja kukuposa! Seok, mwenzangu wa kitanda cha juu, yule wa kijiji cha pili kutoka kwetu, alinisikia nacheka peke yangu akadhani jua limenipanda kichwani. Nikamwambia binti yangu anaolewa na mwalimu. Akasema, "Chilbok, wewe uliyeacha shule darasa la tatu, utaongea naye nini huyo mkwe?" Nikamjibu kwamba nitanyamaza, kama kawaida yangu, naye atadhani nina hekima.

Mkataba wangu unaisha tarehe 15 Septemba. Mama yako anasema arusi ni 21 Oktoba. Basi nitakuwapo. Nitanunua viatu vipya.

Jambo moja la kuchekesha. Huku Jumapili yetu ni Ijumaa. Tunakutana nyuma ya bohari la saruji, tunaimba kwa sauti ya chini ili tusisikike. Leo shemasi wetu alikuwa na homa, wakanisukuma mbele. Nikasema habari za Yusufu, kwa kuwa ni fundi mbao mwenzangu. Niliwaambia: tafuteni katika Injili zote nne, hamtaona hata neno moja alilotamka Yusufu. Malaika anasema, Mariamu anasema, wachungaji wanasema, hata Herode anasema. Yusufu anaamka, anachukua mtoto na mama yake, anakwenda. Basi. Nikakaa. Seok akasema ni mahubiri mafupi kuliko yote aliyowahi kusikia, na niwe naitwa kila wiki.

Nisalimie mama yako. Nisalimie na huyo mwalimu.

Baba yako,
Ban Chilbok


Songdong, Gimje, 2 Aprili 1978

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo nyingi kutoka kwetu sote. Mtungi umechimbuliwa. Yongpal alichimba akiimba, kisha akadai soju ya pili kwa sababu, alisema, aliyeuzika alikuwa anazika ng'ombe. Goti la mama linapanda na kushuka. Jana alitembea hadi kanisani kwa maombi ya alfajiri, akarudi akijifanya hachechemei.

Baba, acha nikuambie kitu ambacho mama hatakuandikia. Unajua kila apikapo hutenga kijiko kimoja cha mchele kwa kila mtu wa nyumba hii, akatia katika mfuko wa kanisa. Sasa tuko wawili. Lakini tangu uondoke, kila asubuhi na kila jioni, anatenga vijiko vitatu. Mke wa Mchungaji Pyo alimtania kwamba huyo wa tatu anakula wali wa Waarabu. Mama akamjibu, "Anakula huko, lakini ni mtu wa hapa."

Sejin nimemfikishia salamu. Aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Pilipili. Ni mtu mwema, Baba. Hajawahi kuniuliza swali la kuniumiza.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita Baba Mkubwa Inbae alikuja. Unajua hajakanyaga ua wetu tangu nilipomaliza shule ya kati. Alikuja amevaa koti refu jeupe na kofia ya manyoya ya farasi, kana kwamba ni tambiko. Akaketi, akakataa chai ya shayiri, akatoa karatasi. Alikuwa ameshaandika maneno ya kadi ya arusi: "Binti wa pekee wa marehemu Tak Inseop." Chini yake jina la mama. Wewe humo hukuwamo.

Akasema mimi ni Tak, na mtu wa ukoo wa Tak hawezi kupelekwa mbele ya mume na mtu wa ukoo wa Ban. Akasema yeye kama kaka wa marehemu atanishika mkono hadi madhabahuni, na atakaa katika kiti cha baba wa bibi harusi. Mimi nilisema hapana. Akaniambia nina ulimi mrefu, na kwamba ndiyo malezi ya nyumba ya kambo.

Baba yake Sejin ni mzee wa kanisa, anataka amani. Anasema waamue wenyewe wa upande wetu. Na mama anasema uamue wewe, Baba.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Andika kwamba wewe ndiye baba wa bibi harusi. Sema neno moja tu, nilichukue nimpelekee Baba Mkubwa.

Wako,
Somang


Jubail, 30 Aprili 1978

Mwanangu Somang,

Barua yako imechukua siku ishirini na mbili. Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi ni mzima. Joto limeanza kweli. Ukiacha nyundo juani huishiki tena bila kitambaa. Mpishi wetu amejaribu kutengeneza kimchi kwa kabichi ya huku. Imelegea kama kamasi, lakini tumeila yote, wengine kwa machozi.

Ile habari ya vijiko vitatu sikuitarajia. Nilikwenda kukaa nyuma ya matangi ya maji kwa muda.

Nimefikiri juu ya jambo la Baba Mkubwa wako. Mwache akae.

Najua utakasirika. Lakini fikiri. Jina lako ni Tak. Marehemu baba yako alikuwa mtu mwema, nilimfahamu, tulikuwa tukifunga mapaa pamoja. Alipokufa chini ya lile gogo ulikuwa bado tumboni. Hakukuona. Si haki siku ya arusi yako jina lake lisitajwe. Na kaka yake ndiye aliyebaki. Mimi nilikuja baadaye, una miaka miwili, unatembea tayari. Watu watatazama kadi, wataona Tak na Ban, wataanza kunong'ona, na familia ya mume wako itasikia. Kwa nini uingie nyumba ya watu na minong'ono?

Kiti ni kiti tu. Mimi nitakaa nyuma na akina Yongpal. Nitakuona vizuri hata zaidi.

Yusufu hakugombania kiti. Nakuambia tena, hakusema neno.

Nisalimie mama yako sana. Na ukipita kwa Baba Mkubwa wako, angalia paa la ghala lake kama linavuja.

Baba yako,
Ban Chilbok


Songdong, 28 Mei 1978

Baba,

Tu wazima. Tumeanza kupandikiza mpunga, wanawake wa kanisa wamekuja kutusaidia kwa zamu, miche imekwenda vizuri. Mama amekatazwa na kila mtu kuingia majini na ameingia. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Nimekasirika, kama ulivyotabiri.

Ulikuja nikiwa na miaka miwili, ni kweli. Miaka hiyo miwili siikumbuki. Nakumbuka mgongo wako. Nakumbuka mwaka nilipougua surua ulinibeba usiku wa theluji hadi Gimje, kilomita kumi na moja, na uliponifikisha kwa daktari ndevu zako zilikuwa barafu, nikakwambia umekuwa mbuzi. Baba Mkubwa ana ng'ombe na mkokoteni. Mkokoteni ulikaa zizini. Mimi si mtoto tena, Baba, najua nani alinibeba. Marehemu namheshimu, jina lake litaandikwa, sijakataa hata siku moja. Ninachokataa ni wewe kukaa nyuma na Yongpal.

Minong'ono? Kijiji kizima kinajua. Watanong'ona nini wasichokijua?

Tena, kwa nini unauliza paa la ghala? Nilimuuliza mama. Alianza kucheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaenda kulisha nguruwe ambaye alikuwa ameshalishwa. Nimekwenda kuliangalia. Halivuji. Limekaa sawasawa kuliko paa la nyumba yake. Nini maana yake?

Kadi lazima zichapwe katikati ya Septemba. Bado nangoja neno lako.

Somang


Jubail, 10 Julai 1978

Mwanangu Somang,

Mimi ni mzima. Natumaini na nyinyi.

Barua hii ni fupi kwa sababu tumechoka. Tunaanza kazi saa tisa alfajiri, saa tano asubuhi tunaacha, kisha tunarudi jua likilegea.

Nakuarifu kwamba kazi ya bandari imechelewa na mkataba wangu umeongezwa hadi katikati ya Desemba. Sitakuwapo arusini. Msiningoje, na tarehe msiibadilishe. Kwa hiyo lile jambo la kiti limekwisha lenyewe. Baba Mkubwa wako akushike mkono.

Nimekununulia kitambaa cha hariri, chekundu. Nitampa mtu akuletee.

Baba yako,
Ban Chilbok


Jubail, 20 Agosti 1978

Mwanangu Somang,

Wiki sita sijapata barua kutoka kwako. Wenzangu wanapata. Mtu wa posta akiingia bwenini najifanya nafunga kamba za viatu.

Ni mwezi wa Ramadhani huku. Watu wa hapa hawali wala hawanywi maji mpaka jua lizame, katika joto hili ambalo mimi nakunywa ndoo nzima. Kuna mzee mlinzi wa lango, jina lake Abu Salim. Maana yake, baba yake Salim. Nilidhani ndilo jina lake. Wakanieleza kwamba huku mtu akipata mtoto, huacha kuitwa kwa jina lake, huitwa kwa mtoto. Naye, kwa ishara na maneno machache, akaniuliza mimi ni baba yake nani. Nikamwambia. Tangu siku ile nikipita langoni anaita kwa sauti, "Abu Somang!" Anakosea kidogo, anasema Sumangi. Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Nitakuambia ukweli mmoja. Nimechoka. Nina miaka hamsini na tatu. Mgongo unaamka nusu saa baada yangu. Zamani nilikuwa nikipiga mstari wa wino kwenye ubao, naona ulipo hata bila taa. Sasa naomba vijana waniangalizie. Lakini ubao wangu haujapasuka hata mmoja, na msimamizi anapotaka kona ngumu ananiita mimi.

Seok anaondoka mwisho wa mwezi. Nimempa kile kitambaa. Mpeni chakula, ana mdomo mpana lakini moyo wake ni safi. Asiposema sana itakuwa vizuri.

Andika, hata mstari mmoja.

Baba yako


Songdong, 24 Septemba 1978

Baba yangu,

Nisamehe karibu miezi minne ya kimya. Nilikasirika kwanza, halafu nikaona haya. Sasa hayo yote yamekwisha. Keti mahali penye kivuli ndipo usome.

Sisi ni wazima. Mpunga umeiva, uwanda wote ni dhahabu mpaka reli. Mama anahema akipanda ngazi lakini anaimba. Anashona kanzu yangu kwa kile kitambaa chekundu na amekataa mtu mwingine asiguse mkasi.

Seok alifika. Tulimpa samaki wa kukaanga na wali, na mchuzi wa maharage. Akala bakuli tatu. Mama akamwambia, kwa huruma tu, kwamba maskini Chilbok, kuongezewa mkataba bila kupenda. Seok akaweka kijiko chini. Akasema, "Bila kupenda? Alikwenda ofisini mwenyewe na muhuri wake wa kutia sahihi mfukoni, akaomba abakizwe. Nilimwambia ni mpumbavu." Kisha akatuona nyuso zetu, akajaza mdomo figili ili asiendelee.

Kwa hiyo, Baba, uliomba kubaki. Ulitaka kunipisha. Mama alilia, mimi sikulia. Nilipanda baiskeli nikaenda ofisi ya tarafa, kwa kuwa nilihitaji nakala ya kitabu cha ukoo kwa ajili ya kuandikisha ndoa, na sikutaka kukaa nyumbani.

Karani ni yuleyule mzee Gu. Anastaafu mwaka huu. Alinipa nakala, nikaona kitu ambacho sijawahi kukitazama vizuri. Nilizaliwa 1956 lakini nimeandikwa 1962. Nikamuuliza kwa nini. Mzee Gu akavua miwani. Akaniuliza, "Kwani Chilbok hakukuambia?" Nikasema hajaniambia kitu maisha yake yote. Akacheka, akafunga dirisha lake ingawa watu walikuwa wamepanga foleni, akanisimulia.

Sasa nakusimulia na wewe, ili ujue kwamba najua.

Akasema Baba Mkubwa Inbae, ambaye ndiye mkuu wa ukoo, hakuniandikisha nilipozaliwa. Alisema ni msichana tu, ngoja tuone kama ataishi. Niliishi, akasahau. Miaka sita niliitwa Kichanga. Ukafika mwaka wa shule, na mtoto asiye kwenye kitabu hapokelewi. Wewe ukaja ofisini. Mzee Gu akakuambia kuna njia rahisi: mwandike kuwa wako, aitwe Ban, nani atauliza? Ni yeye aliyekushauri hivyo. Akasema ulimjibu: "Marehemu hana mwingine wa kubeba jina lake. Nikimchukua na huyu, atakuwa amekufa mara mbili."

Lakini ili niwe Tak ulihitaji muhuri wa Baba Mkubwa. Naye akasema muhuri wake hautoki bure, ghala lake halina paa. Ukaezeka siku kumi na moja, Baba, mpunga wako mwenyewe ukiwa umelala shambani kwa mvua. Siku ya kumi na mbili mkaja ofisini wawili. Mzee Gu akashika kalamu, akauliza jina la mtoto. Baba Mkubwa akasema, "Andika Kichanga, anaitwa hivyo hivyo." Na wewe, ambaye ulikuwa umesimama mlangoni kwa kuwa viatu vyako vilikuwa na tope, ukasema neno moja: "Somang."

Mzee Gu anasema hujawahi kusema kitu kwa sauti kubwa vile. Anasema alikiandika kabla Baba Mkubwa hajafungua mdomo.

Nilikuomba neno moja miezi yote hii. Kumbe ulishalisema tangu nina miaka sita, nami naitwa kwalo kila siku. Tumaini. Ndilo ulilonipa.

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Baba Mkubwa. Alikuwa anaanika pilipili uani. Niliinama kumsalimu kwa heshima zote, usije ukadhani nimekuaibisha. Nikasema, "Baba Mkubwa, ghala lako halivuji."

Akasema, "Halivuji."

Nikasema, "Miaka kumi na sita."

Aligeuza pilipili, akageuza zile ambazo alikuwa ameshazigeuza. Mwisho akauliza, "Amekuambia yeye?"

Nikasema hapana, yeye hajasema, wala hatasema. Akakaa chini juu ya mkeka, kati ya pilipili zake. Akasema, "Hilo ndilo lililonichoma miaka yote hii. Ningetukanwa kidogo, ningepumzika." Kisha akanyoosha mkono, akaomba ile karatasi ya kadi, na akaandika mwenyewe kwa wino wake, kwa mwandiko wake mzuri ambao unajua anajivunia. Nimeiweka humu ndani. Imechapwa hivyohivyo alivyoandika.

Jambo la mwisho. Ulisema Yusufu hakusema neno. Nimesoma tena, na Mchungaji Pyo pembeni. Kuna mawili uliyaruka. La kwanza, Yusufu naye alitaka kumwacha Mariamu na kuondoka kwa siri, kwa wema wake, ili asimwaibishe mtu. Malaika akamkataza. Wema wa namna hiyo ulikatazwa, Baba. La pili, nani alimpa mtoto jina? Ni yeye. Imeandikwa, naye akamwita jina lake Yesu. Hilo moja alilisema. Lilitosha.

Muhuri umeshaugonga, ndege haitakuleta. Sawa. Lakini kiti chako hakuna atakayekikalia. Sejin alitaka tuweke picha yako, mama akampiga kofi la mkono: picha kwenye kiti ni ya marehemu. Tutaweka kile kijisanduku chako cha uzi wa wino, cha kupigia mistari kwenye mbao.

Saa sita kamili mchana, tarehe 21.

Bintiyo,
Somang


Jubail, 21 Oktoba 1978

Mwanangu Somang,

Ninakuandikia nikiwa bado na vumbi. Barua yako ilifika juma lililopita. Nimeisoma. Sina la kusema juu ya ghala, isipokuwa kwamba zilikuwa siku kumi tu. Ya kumi na moja mvua ilitufukuza. Mzee Gu anapenda kuongeza.

Ulisema kweli juu ya kuondoka kwa siri. Nilikosea. Nilidhani nakupunguzia mzigo, kumbe nilikuwa naogopa kusimama mbele za watu wakauliza huyu ni nani. Nimeshaomba msamaha kwa Mungu, sasa naomba kwako na kwa mama yako.

Kadi nimeibandika juu ya kitanda. "Binti wa marehemu Tak Inseop, aliyelelewa na kupewa jina na baba yake Ban Chilbok." Bweni zima limeisoma. Kuna fundi chuma kutoka Busan ambaye hasomi, amesomewa mara mbili.

Sasa nikuambie la leo. Nilipiga hesabu: saa sita mchana ya huko ni saa kumi na mbili asubuhi ya huku, wakati tunapotoka kwenda kazini. Niliamka mapema, nikanyoa, nikaazima tai kwa karani wa stoo. Tai juu ya ovaroli, na kofia ya chuma, na buti. Nilidhani nitatoroka peke yangu hadi ukutani. Kufika mlangoni nikawakuta wote, watu ishirini na saba, wamesimama mistari miwili pande zote za njia, wamevua kofia. Msimamizi naye. Nikawaambia mtachelewa kazini. Msimamizi akasema, "Ban, leo zege lingoje."

Nikatembea. Ukuta ule tulioumaliza mwezi wa tano una upana wa kutosha watu wawili kwenda sambamba. Nilikunja mkono wa kulia hivi, kama umeshikwa. Nilihesabu hatua ishirini na mbili, kwa sababu kanisa letu lina hatua ishirini na mbili toka mlangoni hadi madhabahuni. Sakafu yake niliipigilia mimi. Jua lilikuwa linatoka upande wenu. Mwisho wa hatua nikasimama, nikainama kidogo kumkabidhi Sejin, nikarudi nyuma hatua moja. Nilipotazama chini niliona kwenye zege alama ya fundo la ubao. Nilikuwa nadhani mbao zikishaondoka haibaki kitu. Fundo lilikuwa pale, na mistari ya ubao yote, unaweza kuihesabu.

Abu Salim alikuwa langoni. Hakuelewa kitu, lakini alipiga makofi.

Niambie ilikuwaje huko. Usifiche hata kidogo.

Baba yako,
Ban Chilbok


Gimje mjini, 12 Novemba 1978

Baba yangu,

Barua yako imenikuta nyumba mpya, ndiyo maana anwani imebadilika. Nilimsomea Sejin kwa sauti mpaka pale pa tai, kisha akaendelea kunisomea yeye.

Ilikuwa hivi. Nilitembea peke yangu, nimekunja mkono wa kushoto. Sikuwa nimeona barua yako, nilikunja tu. Hatua ishirini na mbili. Mama alikaa kitini, na kando yake kijisanduku chako kwenye kiti cha baba. Kabla sijaingia, mjomba mmoja wa upande wa Sejin, mgeni, hakujua kitu, alitaka kukiondoa ili akae. Baba Mkubwa akainuka kutoka safu ya pili, na fimbo yake. Akamwambia mbele ya kanisa zima, "Ndugu, hapo pana mtu."

Watu wote walisikia. Mama amesimulia hadi sasa watu wanamkwepa sokoni.

Uje salama mwezi ujao. Kuna mtungi wa kuzikwa na Yongpal amegoma. Mama yu mzima, na bado anatenga viwili: chake na chako. Changu amekiondoa, anasema binti aliyeolewa huhesabiwa kwa mumewe, ndiyo desturi, naye hawezi kumwibia Bwana wala kumwongezea.

Basi asubuhi ya kwanza nilipopika hapa kwetu, nikatundika mfuko wa kanisa ukutani, nikatenga mchele. Sejin alikuwa anavaa soksi. Akatazama, akauliza, "Mbona vitatu? Cha tatu cha nani?"

Nikamwambia, "Cha baba yangu."

Akafikiri kidogo, kama mwalimu. Kisha akasema nijaze vizuri, kijiko hakikuwa kimejaa.

Bintiyo,
Somang